Kidole cha Ok-sun

Riruta, Nairobi
16 Juni 2018

Kwa Cucu Han mpendwa,

Nimeolewa. Naandika neno hilo na mkono wenyewe unacheka. Ungekuwepo, Cucu, ungekaa mbele na cucu wenzako, bibi zangu, na watu wangeuliza huyu Mkorea anayeongea Kiswahili kuliko mchungaji ametoka wapi, nami ningejibu kwamba ndiye aliyenishika mkono nilipomaliza kidato cha nne nikiwa sijui hata kutia uzi kwenye sindano.

Acha nikupe habari ya mume wangu Kibe na leso. Siku ya ruracio, siku ya kuleta mahari, walitupanga wasichana mstari, tumefunikwa leso kutoka kichwani hadi vifundoni, hatuoni, hatuonekani, na ilikuwa lazima anichague. Akikosea ni faini, na shangazi zangu walikuwa wamekwisha kutaja mbuzi. Alimpita binamu yangu Jackie, akampita jirani yetu Mwongeli, akaja kusimama mbele yangu kama mtu aliyefika kwao. Aliponifunua nilikuwa nimelia hata wanja umefika shingoni. Nilimuuliza alijuaje. Alisema moyo ulimwambia. Cucu, mwanamume anayetengeneza viti Ngong Road, mikono imejaa gundi, anasema maneno kama hayo!

Sasa habari yako. Jumanne tuliwatazama kwenye televisheni dukani, yule rais wa Marekani na yule mkuu wa Korea Kaskazini, wakipeana mikono na kuahidi habari ya kuachana na silaha za nyuklia. Nilikumbuka jinsi ulivyofunga mizigo Mei, ukisema safari hii huenda mlango ukafunguka, ukaweza kumwona dada yako aliyebaki Kaskazini. Nikalia tena. Saleha, tajiri wangu, ni mtu wa Lamu na hashangazwi na kitu. Alikuwa akikunja leso. Akasema, "Waithera mwanangu, hao wamepeana mikono tu. Mahari bado."

Mimi naamini. Mwenye furaha kama yangu hawezi kuamini kingine.

Wako mwenye mapenzi,
Waithera (sasa mke wa Kibe!)


Sokcho, Korea Kusini
6 Agosti 2018

Waithera mwanangu,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Mwambie Kibe nimempa baraka zote, na asiache gundi ikaukie kwenye kucha.

Jina langu limetoka. Sisi tuliopotezana na ndugu ni makumi ya maelfu, wazee watupu, na majina huchaguliwa kwa bahati nasibu. Kaskazini wamejibu kwamba Han Ok-sun, mzaliwa wa kijiji chetu, yu hai. Tarehe ishirini tutavushwa mpaka kwa basi hadi kwenye hoteli moja milimani, tukae nao siku tatu, kisha kila mtu arudi kwake.

Uliwahi kuniuliza darasani ilikuwaje, nami nikakwambia ushone. Ilikuwa majira ya baridi, vita vikali. Baba alinibeba mgongoni hadi bandarini. Ok-sun alikuwa na homa, kwa hiyo Mama alibaki naye, wakasema watafuata na meli nyingine. Hakukuwa na meli nyingine. Mimi nilikuwa na miaka saba, yeye mitano.

Habari ya leso imeninyima usingizi. Kibe alifunikiwa mtu aliyemwona wiki iliyotangulia. Mimi nimefunikiwa dada yangu miaka sitini na minane. Nitamjuaje? Lakini unakumbuka kidole. Kila mlipocheza na mkasi niliwaambia: dada yangu aliingiza mkono kwenye mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikabaki kifupi, hakina kucha. Nitatafuta kidole kabla ya uso.

Ile pea ya leso uliyonipa uwanja wa ndege nimeibeba bila kuikata. Nitaikata mbele yake, achukue moja, nichukue moja.

Cucu Han


Riruta
18 Agosti 2018

Cucu yangu,

Barua yako nilipewa na katibu wa kanisa nikiwa njiani kwenda kazini, na niliisoma nimesimama, watu wakinisukuma, hata sikusikia. Yu hai! Nimemwambia Kibe, nimemwambia Saleha, nimemwambia mama mkwe wangu Wangui, ambaye alifunga macho akashukuru kwa Kikuyu kwa muda mrefu hata chai ikapoa.

Najua hii itakufikia umekwisha kwenda na kurudi, lakini lazima niseme. Usitafute kidole, Cucu. Nimefikiri sana juu ya hili, mimi niliyefunikwa. Ukitafuta alama ni kama humwamini. Ukifika pale fumba macho, umkumbatie, na moyo utakwambia kama ulivyomwambia Kibe wangu. Damu haipotei njia.

Jioni hii Kibe amenipikia. Ugali ulikuwa na madonge, nikala wote nikimtazama.

Waithera


Sokcho
3 Septemba 2018

Waithera,

Tulikutana. Watu walilia sana, hata waandishi wa habari walilia. Han Ok-sun alivaa nguo ya waridi. Ana afya nzuri kuliko yangu. Nilikata leso, nikampa moja.

Nimeambatanisha picha. Nimechoka na safari. Nisalimie wote.

Cucu Han


Riruta
24 Septemba 2018

Cucu Han mpendwa,

Umeandika maneno machache kuliko risiti ya duka, na najua ni kwa sababu bado unalia kwa furaha. Mimi nimefurahi kwa niaba yako.

Jumapili mchungaji aliniita mbele na picha yako. Nilishika kipaza sauti nikasimulia kila kitu, meli, homa, kijiji, leso. Wamama walipiga vigelegele hadi mtoto wa muumini mwenzetu Mwau akaamka akalia. Sadaka ya shukrani ilitolewa kwa jina lako. Na juma hilohilo wakuu wa Korea zote mbili wamekutana tena, wameahidi mahali pa kudumu pa ndugu kukutania, na yule wa Kaskazini amesema anataka nchi isiyo na silaha za nyuklia. Nilimwambia Saleha mahari inakuja. Akasema, "Tutaihesabu ikifika."

Kibe anawatengenezea viti viwili, vya mvule, vya wewe na Ok-sun kukalia mkija kututembelea. Ndiyo sababu aliichukua picha, apime urefu wenu. Yeye hutazama vidole vya watu kwa sababu ya kazi yake ya misumeno. Aliitazama sana akaniambia, "Huyu mama vidole vyake vimetimia." Nilimwambia picha haionyeshi vizuri. Au walimpa cha bandia? Siku hizi madaktari wanaweza mambo mengi. Niambie nimjibu, maana ameshika neno hilo kama mbwa na mfupa.

Waithera wako


Sokcho
20 Oktoba 2018

Waithera,

Mwambie Kibe ana macho mazuri.

Yule si dada yangu. Kijijini kwetu kila mtu alikuwa Han, na wasichana wenye jina la Ok-sun hawakukosekana. Wamemleta mwingine. Sidhani ni hila. Nadhani mtu fulani alitafuta jina, akalipata, akafurahi, akaacha kutafuta.

Ukumbini alinikimbilia, akanikumbatia kwa nguvu, tukalia kabla sijatazama kitu. Ndipo nikaushika mkono wake wa kushoto. Kidole kizima, kina kucha, kimenyooka. Nikamuuliza habari za ng'ombe wetu. Akasema kwao hawakuwahi kufuga ng'ombe. Maofisa wao walikuwa wamesimama nyuma yake, wa kwetu nyuma yangu, na kamera mbele. Nikacheka, nikasema nimechanganya, ni uzee.

Siku ya pili walitupa chumba tule chakula cha mchana wawili peke yetu. Nilikishika kile kidole nikakinyoosha juu ya meza. Aliutazama mlango. Kisha akasema polepole, "Mimi pia nilikuwa na dada. Alikwenda na meli." Akanimegea samaki, akaweka kwenye bakuli langu. "Kula, dada. Chakula kitapoa."

Nikala. Siku ya tatu nilimkatia leso, maana sikuweza kuirudisha nzima mbele ya macho yake.

Sasa usikie lililo zito. Nikitoboa siri, wataulizwa waliomleta, naye ataulizwa zaidi. Sijui watamfanya nini na siwezi kumhatarisha yeye ili nijue. Nikinyamaza, mimi nimekwisha kukutana na dada yangu. Hivyo ndivyo kumbukumbu zinavyosema. Aliyekwisha kukutana hapewi zamu nyingine, kwa kuwa wanaongoja ni wengi na wanakufa kila siku.

Nimechagua kunyamaza, na sababu yangu ni moja tu. Hao wakuu wakikubaliana, silaha zikaachwa, vikwazo vikaondolewa, mpaka ukafunguliwa, hakutakuwa na bahati nasibu tena wala zamu. Nitavuka kwa miguu yangu nimtafute mwenye kidole kifupi. Nimeweka vyote nilivyo navyo katika tumaini hilo moja.

Usiwaambie kanisani.

Cucu Han


Riruta
10 Novemba 2018

Cucu,

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Nilianza kujibu nikachana.

Mimi ndiye niliyekuandikia ufumbe macho. Najua barua ile ilichelewa, najua hukuifuata, lakini niliandika, na nikiikumbuka nataka kujificha chini ya kitanda. Nisikilize jambo jingine. Jackie alikuja kututembelea, akanywa chai akalegea, akacheka akisema Kibe bado hajamlipa deni. Deni gani? Kumbe siku ya ruracio ndiye aliyemnong'oneza kwamba nitavaa raba nyeupe. Moyo haukumwambia kitu. Alitazama viatu.

Nilimnunia, nikalala nimegeukia ukuta. Hatimaye akasema, "Waithera, kama ningekukosa pale ningefanyaje? Sikutaka kubahatisha." Nikageuka. Sasa nafikiri hilo ndilo neno tamu kuliko yote aliyowahi kuniambia, kuliko lile la moyo.

Ndiyo maana nakusihi, Cucu, usibahatishe. Sema ukweli. Nenda kwa hao maofisa wenu uwaambie walikosea, warudishe jina lako. Unawategemea watu wenye mabomu wapatane? Mimi siwezi kutegemea hata kamati ya vikombe vya chai hapa kanisani ipatane. Una miaka sabini na mitano. Ok-sun ana sabini na mitatu na huenda anakaa mahali amekunja kile kidole akijiuliza kwa nini hujamwita.

Nilimwambia Saleha, yeye peke yake na Kibe. Nilidhani atakubaliana nami. Aliendelea kukunja leso akasema, "Na yule mama wa pili naye ni dada wa mtu." Nilimkasirikia.

Kanisani bado wananiuliza, dada wa Korea hajambo? Nawajibu hajambo. Naapa ulimi unaniwasha.

Sema, tafadhali. Tafadhali.

Waithera


Sokcho
11 Februari 2019

Mwanangu,

Nilikuwa hospitali kidogo, mapafu, sasa niko nyumbani.

Sitasema. Kila nikitaka kusema nasikia, "Kula, dada."

Lakini mwisho wa mwezi huu watakutana tena, Hanoi, yule wa Marekani na yule wa Kaskazini. Hapa Sokcho sisi wazee wote tuliotoka Kaskazini hatuzimi redio. Watu wanasema safari hii wataweka sahihi. Nimenunua viatu vya kutembea, vyenye soli nene. Muuza duka aliniuliza ninakwenda kupanda mlima gani. Nikamwambia ninakwenda nyumbani.

Cucu Han


Riruta
1 Machi 2019

Cucu, Cucu yangu,

Nimeona. Sijui niandike nini na siwezi kutoandika.

Jana tuliacha televisheni ya duka imewashwa tangu asubuhi. Wateja walikuja wakitaka leso za mazishi na za harusi, na Saleha akawahudumia peke yake, akaniacha nikae. Kwenye habari wakasema mazungumzo ya Hanoi yamevunjika bila sahihi, mmoja alitaka vikwazo viondolewe, mwingine alitaka silaha zaidi ziachwe kwanza, na kila mmoja ana maelezo yake. Sikuelewa nusu. Nilichoona ni magari yakiondoka.

Jioni nilipita kwa mama mkwe nikamkuta Kibe yuko huko, naye hajala. Wangui hakuuliza juu ya mabomu. Aliuliza, "Walikula?" Nikamwambia meza ilikuwa imeandaliwa, sahani zimepangwa, chakula cha mchana kimepikwa, na wakaondoka bila kula. Akavua miwani akaiweka mapajani. "Basi," akasema.

Unajua kwetu, Cucu, umekaa katika ruracio zetu nyingi. Watu wanaweza kubishana kutwa nzima, wakatukanana, wazee wakatoka nje wakarudi. Mradi wamekula, yanaendelea. Wageni wakiinuka chakula kikiwa mezani, hakuna aliyebaki wa kuuliza.

Nilikwenda uani, ambako Kibe hufanyia viti vyenu, nikakaa kwenye kile kiti chako cha mvule. Hakijapigwa msasa bado. Kibe alikuja akakaa kwenye cha Ok-sun. Hakuniambia itakuwa sawa, nami nilimpenda kwa kutosema.

Uko wapi sasa hivi? Umeweka wapi viatu?

Waithera


Sokcho
25 Machi 2019

Waithera,

Viatu bado viko kwenye sanduku.

Nilikwenda Seoul. Nilitaka kufanya ulivyoniambia, kusema ukweli, maana lile nililoliwekea vyote halipo tena. Nilifika hadi dirisha la ofisi ya ndugu waliopotezana. Mama mmoja mpole aliniuliza nisaidiwe nini. Nikamuuliza kwanza, duru nyingine ya kukutana ni lini? Akasema hakuna iliyopangwa. Kaskazini hawajibu. Nikaona kwamba nikisema, nitamponza yule mwanamke na sitapata hata zamu ya kungojea. Kwa hiyo nikameza tena.

Wana huduma nyingine kwa wazee. Unaacha damu yako kidogo, unarekodiwa kwa video, vinahifadhiwa hata tutakapokufa, ili siku moja watoto wa huku na wa kule wafahamiane. Damu niliwapa. Siku hiyo damu itasema nisiyoyasema mimi, na hakutakuwa na mtu aliyebaki wa kuadhibiwa. Kwenye video niliinua mkono wa kushoto nikakikunja kidole kidogo, nikasema, "Ok-sun, ni mimi. Meli haikurudi." Halafu nikalia, na nilipokuwa nikilia nikawa nasema Kiswahili. Walisimamisha mashine wakaniomba nirudie kwa Kikorea. Sikuweza kurudia.

Ile leso iliyobaki, niliyokuwa nimemwekea mwenye kidole kifupi, nimeifanya kitambaa cha meza. Ni nzuri. Mchuzi umekwisha kuimwagikia.

Usiniombee tena juu ya jambo hili, mwanangu. Kila ukiomba natumaini, na kutumaini kunaniua haraka kuliko mapafu. Mpende Kibe. Lala naye mkiwa hamjagombana. Mtu akikwambia anafuata na meli nyingine, usiende.

Cucu Han


Riruta
27 Aprili 2019

Kwa Cucu Han,

Sijakutii. Samahani.

Jumapili iliyopita niliomba ruhusa nikasimama tena mbele ya kanisa. Sikusema siri yako. Niliwaomba warudie maombi, ndugu za Korea wakutane, silaha ziwekwe chini. Mchungaji alishangaa. Akauliza, "Si yule mama alimpata dada yake na tukashukuru?" Nikamwambia alipata dada, na bado kuna mwingine. Mwau akauliza kwa sauti kumbe walikuwa wangapi, watu wakacheka, nami nikacheka, kisha nikashindwa kuacha kulia. Wangui alikuja mbele akanishika kiuno. Hajui lolote, lakini aliomba kana kwamba anajua yote.

Cucu, mimi si mtoto tena kama Juni iliyopita. Sina la kukuambia juu ya moyo. Najua huenda hawatapatana. Najua huenda Ok-sun hayuko. Nililala nimejua hayo, nikaamka nayajua, nikaenda kazini. Lakini yule mwanamke wa nguo ya waridi anayo leso moja kutoka duka letu la Biashara Street, na labda amejifunika nayo kichwani asubuhi ya leo, na wewe ndiye uliyemfunika. Nilikuwa na hasira na jambo hilo. Hasira imeisha.

Viatu usiviache kwenye sanduku. Viatu vipya huumiza. Vivae sasa, uende navyo sokoni, uende navyo ufukweni, ili vikuzoee. Itakuwa aibu ufike mpakani ukichechemea.

Viti vimekwisha. Tumeviweka sebuleni na haturuhusu mtu kuvikalia, hata Jackie, hasa Jackie.

Na kifurushi hiki ni chako. Saleha alichagua rangi mwenyewe, nyekundu ya kukoza, akakataa pesa yangu. Unajua dukani kwetu mteja akinunua pea tunamkatia na kumpindia pindo hapohapo. Saleha aliitandaza mezani akachukua mkasi kwa mazoea, akakuta pale katikati panapokatwa, akaufungua. Nikamshika mkono.

"Usikate," nikamwambia. "Atakata mwenyewe, wakiwa wawili."

Akanitazama. Nilingoja aseme juu ya mahari. Aliweka mkasi chini, akaikunja leso nzima, akanipa.

Wako,
Waithera